Kalamu za Mpingo na Njumu ya Mbuni: Uchambuzi wa Kisa cha Karakana Moja ya Moshi

Mwezi wa Novemba, karakana moja ndogo ya Moshi mjini ilimkabidhi mteja wake kalamu 40 za mpingo. Mteja ni mama anayepokea wageni wanaokuja kutembelea mashamba ya kahawa huko Uru, na alikusudia kila mgeni aondoke na zawadi inayotokana na mlima wenyewe. Kwa hiyo aliomba kwamba ndani ya mpingo mweusi ipachikwe njumu ya mbao nyeupe ya mbuni, yaani mti wa kahawa, iliyopasuliwa kutoka kwenye visiki vilivyong'olewa shambani mwake wakati wa kupanda miche mipya. Nakshi waliyokubaliana ilikuwa ya fundo, yaani mistari minne ya mviringo inayopishana kuizunguka kalamu, hivi kwamba ukiizungusha mkononi huoni mstari unaanzia wapi wala unaishia wapi.

Kalamu zilipendwa. Nyingi zilisafiri mwezi wa Desemba na Januari, hasa kwenda Ujerumani. Kabla ya Machi kuisha, kalamu 9 zilikuwa zimerejeshwa au zimelalamikiwa. Sita zilikuwa na ufa ulioanzia upande wa ncha na kupanda juu kufuata nyuzi za mbao, na zote 9 zilikuwa zimefunguka kwenye maungio ya njumu, si kwa kuachana, bali kwa kijibonde chembamba ambacho jicho lingekikosa lakini ukucha ulikihisi mara moja. Zaidi ya hayo, njumu iliyokuwa nyeupe ilionekana ya kijivu, kana kwamba imeshikwa na mikono michafu.

Niliitwa kutazama kwa sababu nimefundisha ukerezaji, yaani kuchonga mbao inayozungushwa na mashine, kwa muda mrefu na fundi mkuu wa karakana hiyo tunaheshimiana. Nilipofika, maelezo yalikuwa yameshatolewa, na kila upande ulikuwa na lake. Mama aliamini kwamba mpingo hauvumilii baridi ya Ulaya. Fundi aliamini kwamba aliuziwa gundi mbovu. Kijana wake, ambaye ndiye aliyekereza nyingi kati ya hizo kalamu, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Mimi naona hata zile zilizobaki hapa zina rangi mbaya, ila hazijapasuka." Kauli hiyo ndiyo iliyofungua kisa, kwa maana ilionyesha kwamba tulikuwa na hitilafu zaidi ya moja, na kwamba hazikuwa na chanzo kimoja.

Nataka niseme mapema msimamo wangu, ili msomaji aupime kwa ushahidi unaofuata: kalamu hizi hazikuharibiwa na gundi wala na baridi. Ziliharibika kabla tone la kwanza la gundi halijamwagwa, kwa sababu mbao mbili zenye viwango tofauti vya unyevu ziliunganishwa na kufungwa juu ya kibomba cha shaba kilicho ndani ya kalamu, ambacho hakisinyai.

Ni lazima kwanza nieleze fundo lenyewe hutengenezwaje, kwani bila kuiona kazi hiyo kwa karibu huwezi kuelewa lilipojificha tatizo. Fundi huanza na kijiti cha mraba, chenye upande wa milimita 20 hivi. Mraba huo ukiwa umepinda hata kidogo, fundo halitakutana. Kijiti hulazwa kwenye kibao cha kuongozea kilichokatwa nyuzi 45, mbele yake kukiwa na kizuizi, ili kila mkato uangukie umbali uleule kutoka mwisho wa kijiti. Msumeno hupita kwa mshazari karibu kijiti chote, lakini huachwa nyama ya milimita moja au zaidi kidogo isiyokatwa, nayo ndiyo inayozuia vipande viwili visihame. Katika ufa huo hupachikwa utepe wa mbuni. Gundi ikikauka, pande zilizojitokeza hurandwa, kijiti hugeuzwa uso wa pili, na msumeno hupita tena, safari hii ukiukata na ule utepe wa kwanza. Hufanyika hivyo kwa nyuso zote nne. Kijiti kikishakerezwa kuwa cha mviringo, kila utepe uliolala kwa mshazari hujitokeza kama duara lililovutwa, na maduara manne hupishana juu na chini ya mengine.

Siri yote ya nakshi hii imo katika unene wa utepe. Lazima ulingane kabisa na upana wa njia aliyoila msumeno. Ukiwa mwembamba kuliko njia, kijiti hujikunja unapokibana, na katika mkato wa tatu utaona mistari ikipitana pembeni badala ya kukutana. Ukiwa mnene, utaulazimisha kwa nyundo, na ile nyama iliyoachwa itakatika. Karakana hii ilitumia msumeno wa mviringo unaoacha njia ya takriban milimita 3, na nilipopima kwa kalipa niligundua kwamba tepe zao zilikuwa sahihi. Mafundo yote yalikutana. Kwa kazi ya mkono, kijana huyu anastahili sifa, na nilimwambia hivyo mbele ya mama.

Basi mbona maungio yalifunguka?

Nilianza na kalamu moja ambayo haikuvuka mpaka wowote. Ndugu wa yule mama, anayefanya kazi Arusha, aliiacha juu ya dashibodi ya gari lililokuwa likiegeshwa juani kutwa, nayo ilipasuka vilevile kama zile za Ujerumani. Hapo hoja ya baridi ilikwisha. Dashibodi ya Arusha mwezi wa Februari na sebule ya Ujerumani mwezi wa Januari hazifanani kwa joto la nje, lakini zinafanana kwa jambo moja, nalo ni ukavu wa hewa. Majira ya baridi, vyumba vya Ulaya hupashwa joto mfululizo, na hewa ya ndani hukauka kiasi kwamba mbao iliyokaa humo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Zile kalamu zilizobaki kwenye kabati la mama huko Uru, ambako hewa ina unyevunyevu wa migombani, hazikuwa na ufa hata mmoja.

Kisha tukatafuta mbao hiyo ilikuwa na unyevu kiasi gani siku ilipounganishwa. Kwa bahati njema, kijana alikuwa amehifadhi vipande vilivyobaki vya vijiti vilevile ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, hivyo havikuwa vimekauka sana tangu Novemba. Tuliazima mizani ya sonara, tukapima kipande kimoja cha mpingo: gramu 57.5. Tukakiweka kwenye oveni ya nyumbani kwa joto lililozidi kidogo nyuzi 100, tukawa tunakitoa na kukipima mpaka uzito ulipokoma kushuka: gramu 50.0. Maji yaliyotoka ni gramu 7.5, nayo ukiyagawa kwa uzito mkavu unapata asilimia 15. Kipande cha mbuni kilitoka gramu 23.6 hadi gramu 20.0, yaani asilimia 18. Hata kama tungetoa posho ya makosa ya mizani na oveni, picha ilikuwa wazi. Mbao zote mbili zilikuwa mbichi kwa kazi ya kalamu, na mbuni ulikuwa mbichi kuliko mpingo.

Kwa nini mpingo huo ulikuwa mbichi, ilhali ulikaa karakana miezi kadhaa? Jibu lipo katika mahali ulikotoka. Karakana hununua masalia kutoka kwa wachongaji wa vinyago. Huo ni uamuzi ninaoutetea kwa moyo wote, kwa maana mpingo huchukua miongo mingi, mara nyingi 70 au zaidi, kufikia unene wa kuvunwa, na kila kipande kinachookolewa jalalani ni mti uliopewa heshima yake. Hapa Moshi tuna sababu ya pekee ya kulijali hilo: ndiko alikofanyia kazi marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, ambaye mwaka 1996 yeye na James Harris, mkerezaji wa Marekani, walianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo, na vitalu vyake vya miche vikafundisha watoto wa shule kuupanda. Lakini mchongaji wa vinyago ana haja tofauti na mkerezaji wa kalamu. Yeye hupenda gogo ambalo halijakauka, kwa sababu mpingo mkavu ni mgumu mno kwa patasi. Masalia yake kwa hiyo huja na maji ndani. Na kwa kuwa mpingo ni mzito kuliko maji, wenye vinyweleo vidogo vilivyojaa mafuta, unakauka polepole kuliko karibu mbao zote anazozijua fundi wa kawaida. Mbao ya mgrivilea yenye unene uleule ingekuwa tayari zamani.

Upande wa mbuni ulikuwa na kasoro nyingine. Visiki viling'olewa, vikaachwa barazani, vikapasuliwa, na tepe zikakatwa kutoka kwenye kipande kinene asubuhi na kutiwa gundi siku ileile. Utepe wa milimita 3 hukauka upesi ukiachwa wazi kwenye hewa kavu, na laiti zingewekwa pembeni kwa wiki chache, sehemu kubwa ya kusinyaa ingetokea kabla, nao wangezipima upya dhidi ya njia ya msumeno. Zilipofungwa zikiwa na maji, zilisinyaa baadaye zikiwa ndani ya kalamu. Badiliko hilo halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ila juu ya uso uliong'arishwa ukucha hauhitaji zaidi ya hapo.

Sasa kuhusu nyufa za urefu. Ndani ya kalamu ya namna hii kuna kibomba cha shaba chenye kipenyo cha milimita 7, ambacho hubeba mtambo wa kuzungusha na mrija wa wino. Upande wa ncha, mbao hukerezwa mpaka ilingane na chuma cha ncha, kwa hiyo unene wa mpingo unaobaki juu ya shaba hapo haufiki milimita moja. Mbao hukaribia kutosinyaa kabisa kwa urefu wa nyuzi zake, bali husinyaa kwa kukatiza nyuzi, na husinyaa zaidi kwa kufuata mduara wa pete za mti kuliko kuelekea kwenye kiini. Kwa makisio yangu, kalamu yenye mzunguko wa milimita 28, ikitoka asilimia 15 hadi 7, ingetaka kupunguza mzunguko huo kwa karibu robo milimita. Shaba iliyo ndani haipungui. Mbao imekazwa juu ya kitu kisichokubali, na inaachia pale ilipo nyembamba zaidi. Ndiyo maana nyufa zote 6 zilianzia upande wa ncha, na ndiyo maana hakuna hata moja iliyoanzia katikati, ambako kalamu ilikuwa nene.

Fundi hakuridhika mara moja kuhusu gundi, na ilikuwa haki yake. Tulipasua kalamu moja kwa urefu ili tuone ndani. Kibomba kilitoka kikavu, gundi ikiwa imeng'ang'ania shaba na kuacha mbao. "Si unaona, mwalimu?" akasema. Lakini ukuta wa tundu la mpingo uling'aa kama uliopigwa rangi ya viatu, na sehemu moja ilikuwa na alama ya kuungua. Kekee ilikuwa imepitishwa kwa kasi, bila kutolewa mara kwa mara ili iteme unga. Mpingo ukipata joto la kekee hutoa mafuta yake, na uso uliolainishwa kwa joto na kupakwa mafuta haushiki gundi yoyote, hata ile ya epoksi ya sehemu mbili. Isitoshe, joto hilo huacha vijiufa vidogo ndani ya tundu, ambavyo baadaye husubiri tu mbao ianze kusinyaa. Gundi, kwa hiyo, ilishindwa kweli, ila haikuwa mbovu. Iliwekwa mahali isipoweza kushika. Ningeongeza kwamba supa gluu waliyoitumia hukakamaa ikikauka, na kwa kibomba ningechagua epoksi inayovumilia mjongeo kidogo, lakini huo ni uboreshaji, si tiba.

Hitilafu ya tatu, ile ya rangi ya kijivu, ilikuwa na chanzo chake peke yake, na kalamu zilizobaki Uru zilithibitisha hilo, kwani nazo zilikuwa nayo. Nilichukua patasi kali na kukwangua uso wa njumu kidogo sana. Chini yake mbuni ulikuwa mweupe kama siku ulipopasuliwa. Rangi ilikuwa juu tu. Kijana alikuwa amepiga msasa kuanzia namba 150 akipanda mpaka 400, mashine ikiwa inazunguka, na unga mweusi wa mpingo ulikuwa umesukumwa ndani ya vinyweleo vya mbao nyeupe. Kisha, kwa nia njema, alifuta kalamu yote kwa kitambaa chenye asetoni ili kuondoa vumbi. Asetoni huyeyusha rangi iliyomo katika mpingo na kuisambaza, kwa hiyo kila alipofuta alikuwa anapaka.

Hapa pana mgongano ambao mafundi wengi hawauoni, na unastahili kuangaliwa kwa makini. Asetoni hiyohiyo inahitajika katika hatua ya awali, kwa kufuta mafuta kwenye mkato wa msumeno katika mpingo dakika chache kabla ya kutia gundi, la sivyo utepe hautashika. Inaokoa maungio na inaharibu nakshi, kutegemea inatumika lini. Kanuni niliyowaachia ni kwamba asetoni iguse mpingo peke yake, kabla utepe haujaingia, na baada ya hapo chupa ifungwe. Kazi ya kulainisha ifanywe kwa ukingo mkali wa chombo cha kukereza kadiri inavyowezekana, ili msasa ubaki na kazi ndogo. Kabla ya msasa wa kwanza, kalamu ipakwe tabaka jembamba la supa gluu la kuziba vinyweleo vya mbuni, na kati ya msasa na msasa vumbi lipulizwe kwa hewa, si kufutwa. Msasa wa mwisho upite kwa kufuata urefu wa kalamu, mashine ikiwa imesimama. Na barakoa isisahaulike, kwa kuwa unga wa mpingo huwasha pua na ngozi, na baadhi ya watu hupata mzio nao.

Mama aliuliza kama isingekuwa rahisi kuacha mbuni na kutumia ile sehemu nyeupe ya nje ya mpingo wenyewe, kwa kuwa ni mti mmoja. Ni swali zuri, kwani mbao hizo mbili zingesinyaa na kutanuka karibu sawa. Hata hivyo tabaka hilo la nje ni jembamba, huliwa na wadudu upesi, na weupe wake huelekea njano. Zaidi ya hayo, kalamu yenye mbuni wa shamba la mwenyeji inabeba kitu ambacho kalamu nyingine haibebi. Nilimshauri asiuache mbuni, ila akubali kuusubiri.

Marekebisho tuliyokubaliana ni haya. Vijiti vya mpingo vikatwe mraba mapema, ncha zake zipakwe nta ili maji yasikimbilie kutokea huko na kupasua, vipangwe kwa nafasi juu ya dari chini ya bati, na kila kimoja kiandikwe tarehe na uzito kwa penseli. Baada ya miezi kadhaa darini, viingie kwenye sanduku la mbao lenye balbu ya zamani inayotoa joto, vipimwe kila wiki, na visiguswe mpaka uzito utulie wiki tatu mfululizo. Tundu la kekee litobolewe kwa kasi ndogo, kwa kuitoa kekee kila sentimita, kisha kijiti kilichotobolewa kirudi sandukuni kabla ya kupokea kibomba, kwa sababu mbao iliyo wazi ndani na nje hukauka kwa usawa, na kama itapasuka ni afadhali ipasuke hapo kabla haijagharimu shaba na saa nzima ya kazi. Tepe za mbuni zikatwe nene kidogo, zikauke humohumo, ndipo zirandwe mpaka unene wa njia ya msumeno.

Fundi alikuwa na wasiwasi mmoja wa mwisho, kwamba wageni wangezuiwa na mpingo wao uwanja wa ndege, kwa kuwa jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Mabadiliko yaliyoanza kutumika Novemba 2019 yaliacha nje ya masharti ya mkataba huo bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, na kalamu 40 hazifikii hata kilo moja ya mpingo. Nilimhimiza hata hivyo atunze risiti za wachongaji anaonunua kwao, kwani mteja anayejali huuliza mbao imetoka wapi.

Kuhusu hasara, karakana ilikubali kutengeneza upya kalamu 6 zilizopasuka kwa gharama yake, na zile 3 zenye maungio yaliyofunguka zikajazwa supa gluu, zikakwanguliwa na kung'arishwa tena, kwa kuwa zilikuwa zimeshasinyaa na hazitarajiwi kusogea sana. Mama, kwa upande wake, alikubali kwamba oda ya fundo itolewe miezi 6 kabla, na kwamba bei ipande, kwani mbao inayokaa darini ni fedha ya fundi iliyofungwa. Kalamu zenye utepe mmoja wa kukatiza, zisizo na fundo, zitaendelea kuuzwa kwa bei ya zamani, ila nazo kwa mbao zilizopita kwenye sanduku.